Msumeno wa Ng'arani

Jinsi Siwatu binti Kombo alivyofika Ng'arani si habari ya kumchosha msikilizaji. Wapo watakaotaka kujua alipanda nini, alishukia wapi, na mpakani aliulizwa karatasi zipi. Hao waambiwe tu kwamba alifika salama, na kesho yake asubuhi akaanza kushangaa. Habari yenyewe inaanzia hapo.

Siwatu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake kwao ilikuwa moja: kusimamia chumba cha hospitali kinachotakasa vifaa vya upasuaji. Mkasi ukitoka tumboni mwa mtu, kabla haujaingia tumboni mwa mwingine, ulipita kwake. Si kazi ya kumpatia mtu sifa, ndiyo maana alipopata barua ya mwaliko kutoka Ng'arani, yenye mihuri minne, aliisoma mara tatu. Barua ilidai kwamba hakuna nchi yenye vifaa safi kama Ng'arani, na kwamba kila mwaka, kwenye Sikukuu ya Mng'ao, mgeni mmoja mjuzi hualikwa kuja kuviona na kutia saini kwamba ameviona.

Mwenyeji wake alikuwa Bwana Ngwali, Msimamizi Mkuu wa Usalama wa Watumishi wa Afya. Alimpokea mlangoni mwa hospitali kuu akiwa amevaa glavu jozi tatu, moja juu ya nyingine, hata vidole vyake vimekuwa vinene kama ndizi mzuzu. Siwatu alidhani ametoka kwenye chumba cha hatari, akarudi nyuma hatua moja.

"Usiogope, bibie," alisema Bwana Ngwali. "Nimetoka ofisini. Hizi ni za cheo."

Akamweleza utaratibu bila haya yoyote. Ng'arani glavu zilivaliwa kwa cheo. Msimamizi Mkuu alistahili jozi tatu, wakuu wa idara jozi mbili, makarani jozi moja. Watu wa maabara, wanaoshika damu na nyama za wagonjwa, walipewa jozi moja kwa wiki, na ikifika Jumatano waliruhusiwa kuigeuza nje ndani. Wafagizi na wabeba maiti walipewa picha ya glavu, nzuri, ya rangi, ya kubandika ukutani.

"Na mfagizi akichomwa na sindano?" aliuliza Siwatu.

"Anaitazama picha. Inamkumbusha kuwa mwangalifu."

Siwatu alimtazama usoni akitafuta dalili ya mzaha. Hakuiona.

Wakaenda kwenye chumba cha vifaa. Katikati, juu ya kitambaa cha mahameli, palikuwa na sinia la chuma lenye vifaa saba: msumeno wa kukatia fuvu, patasi, koleo, na vingine vya namna hiyo. Hivyo ndivyo vilivyotumika katika upasuaji wa kwanza wa kichwa katika nchi ile, vikaitwa Vifaa vya Heshima, na sheria ikakataza visitupwe, visifukiwe wala visibadilishwe maadamu vinang'aa. Vilikuwa vikitumika mpaka leo. Watoto wa shule waliviimbia.

"Mnavitakasaje?"

"Tunaviosha kwa sabuni. Tunavichemsha kwa muda wa kuimba wimbo wa taifa mara mbili. Kisha tunavisugua mpaka ving'ae. Mwisho mkaguzi anatazama. Akiuona uso wake ndani ya chuma na akaridhika nao, kifaa ni safi."

"Na mkaguzi asiyependa uso wake?"

"Huyo hapewi kazi ya ukaguzi," alijibu Bwana Ngwali, akamsogezea kitabu cha saini.

Siwatu alikuwa ameshashika kalamu alipomsikia mtu akisema nyuma yake, "Bibi mgeni, usitie saini."

Mlangoni alisimama mwanamke mwembamba mwenye koti la maabara, umri kama miaka arobaini. Bega lake la kushoto lilikuwa likishtuka-shtuka kama la mtu anayeguswa na asiyeonekana. Alijishikiza kwenye fremu ya mlango, na hata hiyo fremu aliikosa mara ya kwanza.

"Huyu ni Kidawa, mtumishi wetu," alisema Bwana Ngwali, na sauti yake ilikuwa ya upole wa mtu anayetaka mazungumzo yaishe. "Aliumia kidogo zamani. Amepona. Cheti cha kupona anacho."

"Cheti ninacho," alisema Kidawa. "Ni kizima kuliko mimi."

Siwatu alirudisha kalamu mezani. Alisema macho yake yamechoka na safari, atasaini siku nyingine, na Bwana Ngwali akakubali kwa kuwa sherehe zilikuwa bado siku tano. Mchana huohuo Siwatu aliulizia nyumba ya Kidawa, akaenda.

Kidawa aliishi na kaka yake, Machano, mchoma matofali, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali. Machano alikuwa mtu mkubwa wa maneno machache. Alimshikia dada yake kikombe anywe, kisha akakaa kizingitini akasikiliza.

"Miaka saba iliyopita," alianza Kidawa, "nililetewa ubongo wa mama mmoja aliyekufa. Alikuwa amesahau jina lake, amesahau kutembea, amekufa kwa miezi mitano. Kazi yangu ilikuwa kuukata vipande vyembamba tutazame kwenye hadubini. Ilikuwa Jumatano, glavu nimeshazigeuza. Kisu kiliteleza kikaingia kwenye... kwenye..." Alisimama. Akainua kidole gumba cha kushoto. "Hiki. Neno limenikimbia, dada, nisamehe."

"Gumba," alisema Machano taratibu.

"Gumba. Damu ikatoka. Nikaripoti. Nikaambiwa nirudi kama nitakufa ndani ya siku tisini."

Siwatu alidhani hakusikia vizuri. Lakini ndivyo ilivyokuwa sheria: jeraha la kazini lisilomuua mtu ndani ya siku tisini limepona, na aliyelipata amepona, na kudai vinginevyo ni kuitukana Serikali. Siku ya tisini na moja Kidawa aliitwa, akapigiwa makofi, akakabidhiwa cheti.

"Kule kwetu," alisema Siwatu, "ugonjwa wa namna hiyo unajulikana kwa kujificha. Unaweza kulala mwilini miaka kumi."

"Hata mimi najua. Niliuona ule ubongo kwa macho yangu. Umetoboka-toboka kama mkate wa kumimina. Hakuna mdudu, hakuna kirusi. Ni protini tu, dada, prioni, protini ya mwili wenyewe iliyojikunja vibaya, na kila inapomgusa mwenzake inamkunja naye. Maji ya moto haiyajali, spiriti haiijali." Bega likashtuka. "Mwaka huu bega lilianza kuniwaka moto. Kisha nikaanza kukosa vikombe. Sikukuitia dawa. Dawa haipo."

"Unataka nini basi?"

"Ule msumeno."

Akaeleza. Yule mama kabla ya kufa alipasuliwa kichwa, madaktari wakidhani ana uvimbe, na aliyekata fuvu lake alitumia msumeno wa Heshima. Baadaye msumeno ukachemshwa kwa nyimbo mbili, ukang'arishwa, ukamkata mwalimu wa hesabu. Kisha fundi viatu. Kisha mama wa watoto watatu. Kisha askari mstaafu. Wote wanne walipona majeraha yao wakarudi nyumbani, na miaka ilipopita wakaanza kusahau na kutetemeka, wakafa. Kwenye vyeti vyao vya kifo paliandikwa neno moja: uchovu.

"Na Jumamosi hii," alisema Kidawa, "anapasuliwa Mbwara, muoka mikate wa mtaa wa pili. Alhamisi Baraza la Uthibitisho litanisikiliza. Nimeomba miezi kumi. Nifuate, dada. Nikisahau, unikumbushe."

Baraza lilikaa katika ukumbi mrefu wenye madirisha mengi. Wajumbe kumi na mmoja walivaa joho, barakoa na miwani ya kukinga macho, ingawa mbele yao hapakuwa na kitu ila karatasi. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mwinyikondo, mzee aliyesifika kwa kutowahi kubadili mawazo. Bwana Ngwali alikaa kulia kwake. Kidawa alisimama mbele, Siwatu ubavuni mwake, Machano nyuma akiwa amekumbatia kisanduku cha bati.

Kidawa alieleza habari yake yote. Alisita mara tatu, na mara tatu Siwatu akamnong'oneza neno. Alipomaliza, Mwenyekiti alifungua jalada.

"Kitu hiki unachokisema kina uhai?"

"Hakina, Mheshimiwa."

"Kinakula? Kinapumua?"

"Hapana."

"Basi hakiui. Kisicho hai hakiui. Hii ni Ibara ya Kwanza."

"Mheshimiwa, na jiwe likikuangukia kichwani?"

Wajumbe waliinamiana wakanong'onezana. Hoja ilikuwa nzito, wakaomba dakika ishirini. Waliporudi Mwenyekiti alisoma jibu: "Jiwe huua pale linapokwenda. Mlalamikaji hajalionyesha Baraza kitu chochote kinachokwenda."

Mjumbe mmoja aliuliza kama kitu hicho kina rangi. Mwingine akataka kujua kwa nini, ikiwa kweli kipo, hakijamdhuru mtu yeyote mwenye cheo. Wa tatu alisema yeye hana pingamizi na ugonjwa kuwepo, ila usiwepo kabla ya Sikukuu. Siwatu aliomba ruhusa ya kusema kama mgeni, akapewa.

"Waheshimiwa," alisema, "kule kwetu chombo kilichogusa ubongo wa mgonjwa kama huyu hakirudi kwa mtu mwingine. Kinachomwa kwa moto mkali. Kisipochomwa kinalowekwa kwenye kostiki, ile ya kupikia sabuni, kisha kinapitishwa kwenye mvuke wa joto kubwa kwa muda mrefu. Kuchemsha tu ni sawa na kukisalimia."

"Kostiki inaondoa mng'ao," alisema Bwana Ngwali.

"Inaondoa."

"Basi mgeni wetu," alihitimisha Mwenyekiti kwa huzuni, "anatuomba tuchafue vifaa ili viwe safi." Ukumbi ukacheka. Akagonga meza. "Baraza limeridhika kwamba Vifaa vya Heshima havina hatari yoyote kwa mtu yeyote. Imeandikwa."

"Ahsante, Mheshimiwa," alisema Kidawa. "Machano, niletee."

Machano alipita mbele akaweka kisanduku mezani. Asubuhi ile Kidawa alikuwa ameingia kwenye chumba cha vifaa kwa ufunguo wake wa kazi, akavaa glavu mpya alizopewa na Siwatu kutoka mkobani mwake, akakusanya vifaa saba na sinia lake akavifungia humo. Sasa alivaa tena glavu, akafungua kifuniko, akautoa msumeno. Meno ya msumeno yakametameta kwa jua la dirishani.

"Kwa kuwa hauna hatari," alisema, "naomba Waheshimiwa waushike. Kila mmoja, mkono mtupu, apitishe kidole kwenye meno. Kidogo tu. Tone moja la damu. Mkifanya hivyo nitasema nimepona, na nitaimba wimbo wa taifa."

Aliusogeza mbele shibiri moja.

Hakuna aliyejua nani alianza kusimama. Kiti kilianguka, kisha viti vingi. Bwana Ngwali, pamoja na jozi zake tatu za glavu, alipitia dirishani. Mheshimiwa Mwinyikondo alisahau joho lake limenasa kwenye meza, akatoka amelivua. Katika muda ambao mtu angenywea funda la chai, ukumbi ulikuwa mtupu. Alibaki karani mmoja, kwa kuwa sheria ilimkataza kuacha kitabu, na mkono wake ulikuwa ukiandika. Siwatu alichungulia. Aliandika hivi: *Kikao kimeahirishwa kwa sababu ya upepo.*

Kidawa hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha Mwenyekiti, akafunika kisanduku, akamtazama kaka yake.

"Tanuri linawaka?"

"Tangu jana."

"Twende."

Walikwenda watatu, mchana kweupe, na hakuna askari aliyesogea karibu yao. Machano alilifungua tanuri, wakakisukuma kisanduku ndani kwa fito ndefu mpaka katikati ya moto, pamoja na glavu. Akaziba mlango kwa udongo. Siku ya pili walipofungua, chuma hakikuwa kimeyeyuka, lakini kilikuwa cheusi, kimejipinda, meno ya msumeno yamelala upande mmoja. Hapakuwa na mkaguzi ambaye angeuona uso wake ndani yake. Kidawa alikitazama kwa muda mrefu, akalia kwa furaha, kisha akauliza wanatazama nini, kwa kuwa alikuwa ameshasahau.

Jumamosi Mbwara muoka mikate alilazwa mezani na Vifaa vya Heshima havikuwepo. Ndipo ilipojulikana kwamba stoo ya hospitali ilikuwa na seti mpya, imekaa ndani ya kasha miaka tisa, ikisubiri ile ya zamani ififie. Daktari alifungua kasha kwa mikono iliyojaa shukrani, akamtoa Mbwara uvimbe wa ukubwa wa punje ya kunde. Baada ya wiki mbili alikuwa akioka mikate. Gazeti la Serikali lilimpongeza Bwana Ngwali kwa uamuzi wake wa busara wa kufanya upya vifaa. Ukurasa wa pili lilitangaza kwamba Kidawa ameshtakiwa kwa wizi na uharibifu wa heshima ya taifa, na kwamba Siwatu, aliyekataa mpaka mwisho kutia saini, hataruhusiwa kuondoka mpaka atoe ushahidi.

Kwa hiyo akabaki. Kesi iliitwa mara nne na kuahirishwa mara nne, maana hakuna hakimu aliyekubali kukaa chumba kimoja na mshtakiwa. Siwatu alihamia nyumbani kwa Machano. Alimlisha Kidawa uji kwa kijiko, akamgeuza kitandani, akamwimbia anaposhtuka. Mwezi wa pili Kidawa alianza kumwita mama. Mwezi wa tatu hakumwita jina lolote, ila akisikia sauti ya Machano mlangoni aligeuza macho.

Watu wa maabara walianza kuja. Kwanza walikuja wawili, baada ya kazi, wakiwa na haya. Kisha kumi. Kisha wafagizi na wabeba maiti. Walikaa chini kwenye mkeka wakamuuliza Siwatu maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyajibu: jeraha huoshwaje, kisu hushikwaje, kipande cha ubongo kihifadhiwe wapi, nani avae nini. Aliwafundisha kila alichokijua. Wiki iliyofuata ulipoletwa ubongo mwingine maabara, walikataa kuugusa mpaka wapewe glavu za nyuzi za chuma zisizopenywa na kisu. Bwana Ngwali aliwatishia siku tatu. Siku ya nne, kwa kuwa hakuna mkuu yeyote aliyejitolea kuukata yeye, glavu zikapatikana.

Kidawa alikufa mwezi wa nne, asubuhi, kichwa kikiwa mapajani mwa kaka yake. Kwenye cheti cha kifo paliandikwa uchovu.

Saa mbili baadaye ikafika amri ya Baraza lilelile. Ilisema maiti ile ni hatari kubwa isiyo na mfano. Isioshwe, isikafiniwe, isiswaliwe. Ifukiwe kwenye shimo la chokaa ng'ambo ya mashamba ya chumvi, na nyumba ichomwe moto. Barabara zikafungwa. Machano aliisoma, akamkabidhi Siwatu karatasi, na kwa mara ya kwanza mtu yule mkubwa alionekana mdogo.

"Ni kweli, dada? Siwezi kumgusa?"

"Umemgusa miezi minne," alisema Siwatu. "Ugonjwa huu haukai kwenye ngozi. Kichwa chake kisifunguliwe, anayemwosha avae glavu, na maji ya kuoshea tutayatia kostiki kabla ya kuyamwaga. Basi. Ni dada yako."

Wanawake wa maabara walimwosha. Wabeba maiti wakaja na jeneza, kila mmoja akiwa na glavu zake za kweli mfukoni, kwa kuwa walishajua wakati wa kuzivaa na wakati wa kuzivua. Huko Ng'arani wanawake nao husindikiza mpaka kaburini, kwa hiyo Siwatu alitembea nyuma ya jeneza. Walipofika njia panda, ambapo kushoto ni mashamba ya chumvi na kulia ni makaburi ya mtaa, walikuta magari sita ya Serikali yamekatisha barabara. Vioo vilikuwa vimefungwa. Ndani waliketi wajumbe wa Baraza, wamefunikwa nguo nyeupe mpaka macho, na kipaza sauti cha Bwana Ngwali, juu ya paa la gari, kilikuwa kikipiga kelele, "Kushoto! Kushoto! Kwa amri!"

Machano, aliyeshika mbele, alikwenda kulia, moja kwa moja kuelekea magari, na jeneza begani.

Gari la kwanza lilirudi nyuma. La pili likaligonga la tatu katika kukimbia. Jeneza lilipokaribia hatua kumi, barabara ilikuwa wazi, na kipaza sauti kilikuwa kimeanguka chini, kinakoroma peke yake kwenye vumbi.

Walimzika karibu na mama yake. Machano alishuka kaburini, akanyoosha mikono, akampokea.